Mjadala: Ultrasaundi Itoke Chumba cha Radiolojia Ije Kitandani?

Hoja iliyo mezani ni hii: daktari, tabibu au muuguzi wa zamu katika idara ya dharura aruhusiwe kumpima mgonjwa kwa ultrasaundi palepale kitandani, bila kungoja chumba cha radiolojia kifunguliwe wala mtaalamu wake aitwe kutoka nyumbani. Wanaounga mkono husema mashine siku hizi inaingia mfukoni, basi kuna haja gani ya kumzungusha mgonjwa kwenye korido? Wanaopinga hujibu kwamba udogo wa mashine haujawahi kumpa mtu macho. Mimi nasimama na wanaounga mkono, ila kwa sharti ambalo wenzangu wa upande huu wana tabia ya kuliruka. Kila anayeshika probu awe na swali moja la ndiyo au hapana, na jibu lake liwe na uwezo wa kubadilisha kitakachofanyiwa mgonjwa ndani ya saa hiyo. Pasipo swali la namna hiyo, nitavuka ukumbi nikakae na wapinzani.

Tuanze na mgonjwa anayefahamika katika kila hospitali kuanzia Mwanza hadi Mombasa. Kijana ameanguka na bodaboda. Presha inashuka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, tumbo limekaza, na nje hakuna damu ya kutosha kueleza hali hiyo. Anayempima anapaka jeli, kwa kuwa hewa ikibaki kati ya ngozi na probu mawimbi ya sauti hayapiti, kisha anatazama sehemu nne: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya bandama na figo ya kushoto, nyuma ya kibofu cha mkojo, na kuuzunguka moyo. Sehemu hizo hazikuchaguliwa ovyo. Mtu akilala chali, damu iliyomwagika tumboni hutafuta mabonde, na mabonde yenyewe ni zile sehemu tatu za kwanza. Kwenye kioo, ini na figo huonekana kijivu, zimegusana. Damu ikiingia katikati hutokea ufito mweusi unaozitenganisha. Kazi yote huchukua dakika chache. Haisemi ni kiungo gani kimepasuka, na daktari wa upasuaji hana haja ya kukijua kabla ya kufungua tumbo la mtu ambaye presha yake imeporomoka. CT-Scan ingesema mengi zaidi, lakini chumba cha CT-Scan ni mahali pabaya pa mgonjwa kuzimia: yuko ndani ya mashine, wahudumu wako nyuma ya kioo.

Baada ya tumbo, probu ileile hupandishwa kifuani. Pafu zima huteleza chini ya mbavu kwa kila pumzi, na mtelezo huo unaonekana kwenye kioo kama ukingo mweupe unaokwenda na kurudi. Hewa ikivuja ikajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, ukingo unasimama. Hapa ushahidi ni mzito. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane, ya mwaka 2020, yalilinganisha ultrasaundi na eksirei ya kifua kwa majeruhi waliolala chali, na waliopima walikuwa madaktari wa mstari wa mbele, wala hawakuwa wataalamu wa radiolojia. Ultrasaundi iligundua hewa hiyo kwa wagonjwa 91 kati ya kila 100 waliokuwa nayo. Eksirei iligundua 47. Sababu inaeleweka hata bila takwimu. Mgonjwa akilala chali hewa hupanda mbele ya kifua na kutandaa, na eksirei inayopigwa kutoka juu huipita kama haipo. Jibu likiwa ndiyo na mgonjwa anahangaika kupumua, bomba linaingizwa kifuani. Swali moja, jibu moja, tendo moja.

Sauti ya kwanza ya upinzani ni ya mtaalamu wa radiolojia, na haifai kudharauliwa. "Daktari mwenzangu," anasema, "kazi hii nimeisomea miaka. Wewe unataka kumpa probu mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili akapewa cheti na chai. Picha ya ultrasaundi haifanani na filamu ya eksirei, kwamba ipo tu inangoja kusomwa. Inatengenezwa na mkono. Mkono ukikosea pembe, damu haionekani, na mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani kufia huko."

Hofu hii ina namba nyuma yake. Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2018, yalihusu majeruhi waliogongwa bila jeraha la kupenya. Kati ya kila 100 walioumia kweli ndani, ultrasaundi iliwakamata 74. Kwa watoto ilikuwa chini zaidi, 63. Lakini kati ya 100 ambao hawakuumia, iliwaachia sawasawa 96. Zisomwe pamoja namba hizo, maana hapo ndipo ulipo ufundi wote wa kipimo hiki: "ndiyo" yake ina uzito, "hapana" yake ni nyepesi. Inahitajika damu ya kiasi cha mililita 200 hivi kabla ya ufito mweusi kujitokeza vizuri, na aliyeumia nusu saa iliyopita huenda bado hajaifikisha. Kwa hiyo anayefundishwa kupima afundishwe kwanza kutoliamini jibu la hapana: arudie kipimo baada ya muda, amweke mgonjwa chini ya uangalizi, na akiweza ampeleke CT-Scan. Yule anayeandika kwenye faili "ultrasaundi safi, aruhusiwe" hajui anachotumia, na mtaalamu wa radiolojia ana haki ya kumnyang'anya probu.

Kuhusu semina ya siku mbili nakubaliana naye moja kwa moja. Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, kwa miaka mingi kimetaka mtu apime wagonjwa 25 hadi 50 kwa kila aina ya kipimo, picha zake zikikaguliwa, kabla ya kuachiwa kufanya kazi peke yake. Idadi hiyo inahesabiwa kwa swali. Aliyefuzu kutafuta damu tumboni hajafuzu kusoma moyo, na hajafuzu hata kidogo kumwambia mama kwamba mtoto aliye tumboni ana kilema. Mipaka ikivukwa kimyakimya, kwa sababu mashine iko mkononi na foleni ni ndefu, ndipo makosa makubwa huzaliwa.

Hata hivyo mtaalamu wetu anajibiwa pia na hospitali ya Nyakibale. Katika hospitali hiyo, iliyo wilayani Rukungiri, kusini-magharibi mwa Uganda, wauguzi waliopewa mafunzo ya ziada ya huduma za dharura walifundishwa kupima wagonjwa kwa ultrasaundi; picha zao zilitumwa kwa njia ya intaneti kwa wataalamu walio mbali, wakazikagua na kurudisha maoni. Mfano huo hauondoi nafasi ya mtaalamu. Unamhamisha kutoka kwenye foleni ya wagonjwa na kumweka kwenye kiti cha mkaguzi, ambako saa yake moja inasahihisha mikono ya watu kumi. Na tuseme lililo kweli: katika hospitali nyingi za wilaya, saa nane za usiku, ubishi kati ya kipimo cha tabibu na kipimo cha bingwa haupo kabisa. Ubishi uliopo ni kati ya kipimo cha tabibu na kubahatisha.

Sauti ya pili ni kali zaidi. Ni ya mtafiti, na yeye hashughuliki na nani ashike probu. "Ndugu mtoa hoja, nionyeshe maisha yaliyookolewa," anasema. "Mmejaribu. Wagonjwa 273 wenye presha ya chini, Amerika Kaskazini na Afrika Kusini, waligawanywa kwa kura: wengine wapimwe kwa ultrasaundi, wengine wasipimwe. Matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliobaki hai baada ya siku 30 hawakutofautiana. Watoto 925 walioumia matumboni, Marekani, 2017: ultrasaundi haikupunguza hata idadi ya CT-Scan. Utafiti mkubwa wa kliniki za wajawazito katika nchi tano, Kenya na Kongo zikiwemo, ukatoka 2018: vifo vya akina mama na watoto havikupungua. Mnataka tununue mashine kwa sababu ya picha nzuri?"

Waungaji mkono wengi hapa huanza kulalamika kwamba tafiti zilikuwa ndogo au waliopima hawakuwa hodari. Mimi sioni sababu ya kuzikimbia, kwa kuwa zinaniunga mkono. Tutazame tena waliopimwa ni akina nani. Wale 273 walikuwa na presha ya chini kwa sababu mbalimbali, na wengi wao walikuwa na maambukizi makali ya damu. Mgonjwa wa namna hiyo atawekewa dripu na kupewa dawa za kuua bakteria, apimwe asipimwe. Kipimo kilijibu, lakini jibu halikuwa na mlango wa kutokea. Watoto 925 hawakuwa wameporomoka presha. Palikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri, na daktari aliyekuwa na wasiwasi aliagiza CT-Scan vilevile. Wajawazito wa nchi tano hawakuwa wagonjwa wa dharura kabisa. Walipimwa kama utaratibu wa kawaida wa kliniki, na kipimo hakikuwaongeza waliokwenda kujifungulia hospitali kwa sababu ya matatizo yaliyoonekana. Mtu anaweza kuambiwa kwamba kondo la nyuma limekaa vibaya, lakini barabara ikawa ileile, nauli ileile, na thieta ileile isiyo na mtu wa dawa ya usingizi. Tafiti zote tatu zinasema jambo moja: ultrasaundi isiyofuatiwa na tendo tofauti haina cha kubadilisha.

Sasa twende upande ambako tendo lipo. Mwaka 2006 utafiti wa majeruhi 262 nchini Marekani, nao uliogawanywa kwa kura, ulionyesha kwamba waliopimwa kitandani walifika chumba cha upasuaji kwa muda uliopungua kwa asilimia 64. Mwaka 2014 hospitali 15 za huko ziligawa kwa kura watu 2,759 waliofika na maumivu yaliyodhaniwa kuwa mawe ya figo. Walioanza na ultrasaundi walipata mionzi kidogo kuliko walioanza na CT-Scan, na hawakukosewa zaidi katika magonjwa ya hatari. Daktari wa dharura aliyepima mwenyewe kitandani alikuwa mmoja wa waliolinganishwa. Kisha mfikirie mwanamke mwenye umri wa kuzaa anayeletwa akiwa amezimia, tumbo linamuuma, kipimo cha mkojo kinasema ana mimba. Ukiona ufito mweusi kati ya ini na figo, na mji wa mimba mtupu, karibu hakuna maelezo mengine ila mimba iliyotunga nje ya kizazi imepasuka. Mgonjwa huyo hapaswi kupelekwa radiolojia, anapaswa kupelekwa thieta, na kila dakika anapoteza damu. Mtafiti wetu hatapata jaribio la kuwagawa wanawake hao kwa kura, nusu wanyimwe kipimo. Hakuna kamati ya maadili itakayoliidhinisha, wala yeye mwenyewe hatalipendekeza.

Ushahidi wa nyumbani upo pia, na nitautaja na upande wake wa pili. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura yakaanza pamoja nayo katika Chuo Kikuu cha Muhimbili. Utafiti uliofanywa katika idara hiyo na kuchapishwa mwaka 2018 uliwauliza madaktari walichodhani kabla ya kupima na baada ya kupima. Katika asilimia 29 ya wagonjwa, kipimo kilibadilisha ama ugonjwa uliodhaniwa ama mahali mgonjwa alipopelekwa. Nchini Rwanda, katika hospitali mbili za vijijini zilizoletewa ultrasaundi mwaka 2008, mpango wa matibabu ulibadilika kwa asilimia 43 ya wagonjwa. Anayetaka kunishangilia asiache kuhesabu upande wa pili: Muhimbili, kwa wagonjwa saba kati ya kumi, hakuna kilichobadilika. Baadhi yao daktari alithibitishiwa alichokijua, na hilo si haba. Lakini iwapo hospitali haifuatilii ni maswali gani yanayozaa mabadiliko na yapi hayazai, itaishia kupima kila anayeingia mlangoni, kwa mazoea, na mtafiti atakuwa sahihi.

Muuguzi naye ana neno, na ni fupi. "Dokta, mkono umetoka kifuani muda mrefu." Anasema hivyo akiwa pembeni ya mgonjwa ambaye moyo umesimama, huku daktari akihangaika kutafuta picha ya moyo. Ana haki kabisa. Miongozo inataka kusitisha kukandamiza kifua kusizidi sekunde 10. Utafiti wa mwaka 2017 uliopima muda kwa video ulikuta kusitisha huko kulichukua wastani wa sekunde 13 bila ultrasaundi, na sekunde 21 ultrasaundi ilipotumika. Swali lilikuwa zuri: moyo unatikisika au umetulia tuli, kuna maji yanayoubana au hakuna? Hata hivyo kulitafuta jibu kulimnyima mgonjwa damu ya ubongo kwa sekunde nane. Dawa yake inajulikana: probu iwekwe mahali pake kifua kikiwa bado kinakandamizwa, picha irekodiwe, mtu mwingine ahesabu sekunde kwa sauti, na isomwe baada ya mikono kurudi kifuani. Hata swali sahihi lina wakati wake, na muuguzi aliyeshika saa apewe mamlaka ya kumkatiza bingwa.

Kuna pia mganga mkongwe anayelalamika kwamba vijana wataacha kushika tumbo na kusikiliza kifua. Sitakaa hapo. Bila kumshika na kumsikiliza mgonjwa, hilo swali la ndiyo au hapana mtu atalipata wapi?

Sauti ya mwisho ni ya mganga mfawidhi, mwenye bajeti. "Ndugu zangu, mmebishana vizuri, lakini mimi ndiye ninayezikuta mashine stoo, zimefunikwa shuka." Anazungumza jambo ambalo Kenya inalikumbuka. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa tiba kwa hospitali 98, kwa mabilioni ya shilingi. Seneti ilipouchunguza miaka michache baadaye, ilibainika kwamba vifaa vilikuwa vimekaa bure mahali kwingi, ama kwa kukosa umeme wa kutosha, ama kwa kukosa wa kuviendesha. Ultrasaundi ya mkononi ni rahisi kuliko hivyo. Tangu mashine iitwayo Butterfly iQ iingie sokoni kwa bei ya chini ya dola 2,000, mashine haihitaji tena chumba wala nguzo ya umeme ya peke yake. Urahisi huo nao una mtego wake. Kuna ada ya programu ya kila mwaka. Kuna jeli, ambayo ikiisha watu huanza kutumia maji. Kuna waya unaokatika pale unapoingia kwenye probu, na fundi wake yuko ng'ambo. Kuna muuguzi aliyefuzu vizuri ambaye mwezi ujao anahamishiwa wodi ya watoto. Mashine ya bei nafuu hununuliwa bila mpango kwa urahisi zaidi kuliko ya bei ghali, kwa sababu hakuna anayeogopa kuulizwa.

Kwa mganga mfawidhi, basi, ombi langu ni la vitendo. Kabla ya kutia saini hati ya manunuzi, idara ya dharura iandike maswali yake kwenye karatasi moja. Kwa hospitali ya wilaya manne yanatosha kuanzia: kuna damu tumboni, kuna hewa kifuani nje ya pafu, kuna maji yanayoubana moyo, mimba imo ndani ya mji wa mimba? La tatu lisionekane geni, maana katika nchi zetu kifua kikuu bado huujaza maji mfuko wa moyo, na mgonjwa wa aina hiyo huhitaji sindano ya kuyatoa kuliko chupa nyingine ya dripu. Mbele ya kila swali liandikwe tendo litakalofuata na jina la cheo cha atakayelitenda, usiku kama mchana. Ruhusa ya kupima itolewe kwa swali, isitolewe kwa kada; tabibu au muuguzi aliyefuzu swali la kwanza alipime, na daktari ambaye hajafuzu asilipime. Kila picha ihifadhiwe, na mara moja kwa wiki mtaalamu wa radiolojia, hata kama yuko mkoa mwingine, aipitie pamoja na taarifa ya kilichompata mgonjwa.

Karatasi hiyo ikijazwa na safu ya tendo ikabaki tupu, kwa kuwa usiku hakuna wa kufungua tumbo au friji ya benki ya damu haina kitu, nitakuwa wa kwanza kupiga kura ya kupinga ununuzi. Fedha ya mashine inunue kwanza friji, na gari la rufaa liwekewe mafuta.